Gauni la Mapindo Matatu

Kasilda alikuta kaburi lake limepaliliwa vizuri kuliko shamba la mtu yeyote pale mtaani Kawajense.

Alikuwa ameshuka stendi ya Mpanda saa nne asubuhi, akabeba kichwani cherehani cha mkono kilichofungwa kwa blanketi la kijivu, na kwapani bahasha yenye cheti chake cha ushonaji. Njia nzima watu waliopishana naye walimtazama, wakasimama, kisha wakaondoka kwa haraka bila hata salamu. Alidhani ni jela inayoonekana usoni mwake. Miaka mitatu si mchezo, na kweli jela huonekana, lakini siyo iliyokuwa inawakimbiza wale watu.

Nyumba ya mama mkwe wake ilikuwa palepale, tofali za kuchoma, bati limeshika kutu upande wa jikoni. Nyuma ya nyumba palikuwa na migomba sita. Kasilda alisimama akaihesabu tena, maana jela ilimfundisha kuhesabu kila kitu, na yeye aliiacha saba. Chini ya ile migomba palikuwa na tuta refu lililozungushiwa mawe, na juu yake msichana wa miaka minane amechuchumaa anang'oa majani mojamoja. Msalaba wa mbao ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe: KASILDA, MAMA EMELYNE. PUMZIKA KWA AMANI.

Mtoto aliinua uso. Hakupiga kelele wala hakukimbia, na hilo ndilo lililomtisha Kasilda kuliko msalaba.

"Shikamoo," mtoto alisema. Halafu akanyoosha kidole barabarani, akakirudisha akakielekeza chini kwenye udongo. "Umetokea huku au huku?"

"Marahaba. Nimekuja na basi, Emelyne."

"Aa." Mtoto akatupa majani pembeni, akajipangusa mikono. "Bibiii! Mama ametoka!"

Bibi Restituta alitokeza jikoni na ungo wa maharage. Maharage yote yalimwagika. Hakuangalia uso wa mkwe wake, aliangalia miguu kwanza, kama inakanyaga chini, na alipoona inakanyaga ndipo alipoanza kutetemeka vizuri.

*

Alimwingiza stoo, akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo. Tusimwonee huyu mama. Alifiwa na mume mapema, akalea mtoto mmoja wa kiume kwa kuuza maharage na vitumbua, na huyo Melkior alikuwa ndiyo mboni ya jicho lake. Akina mama wa namna hiyo tunao wengi, na wanatisha.

"Nani yumo mle, mama?" Kasilda aliuliza.

"Punguza sauti."

"Nani mmemzika kwa jina langu?"

"Hamna mtu. Ni mgomba."

Kasilda akakaa juu ya gunia. Sita, akakumbuka, na alikuwa ameacha saba.

"Melkior alitaka kuoa kule Inyonga," Restituta alisema, akiongea na sakafu. "Wazazi wa yule binti ni watu wa kanisa sana, wakasema bila ndoa ya padri binti hatoki. Na padri gani atamfungisha ndoa mtu mwenye mke? Nikamwambia asubiri. Akasema mama, nitakunywa sumu. Sasa wewe ungefanya nini?"

"Ningesubiri."

"Haya, wewe ungesubiri. Sisi tulikodi gari, kama tunafuata maiti gerezani, tukalala njiani, tukarudi na jeneza limepigiliwa misumari. Tukasema ni ugonjwa wa kuambukiza, tumekatazwa kufungua. Watu walikulilia, Kasilda. Walikulilia kweli. Hata mimi nililia."

"Ulikuwa unalilia nini, mama, na wewe unajua ni mgomba?"

Restituta akafikiri kidogo. "Sijui. Kilio kilikuja tu."

Nje cherehani kilikuwa bado kiko chini kwenye blanketi lake, na Emelyne amekizunguka kwa mbali. Kasilda akauliza habari ya gauni alilomshonea Emelyne gerezani. Mwenzake aliyeitwa Candide, mwanamke wa Kirundi aliyemaliza kifungo kabla yake, aliahidi kulifikisha. Gauni la bluu, kola nyeupe.

"Halikufika," Restituta alijibu, haraka mno. Kisha akapiga magoti, mtu mzima yule, kwenye vumbi la pumba. "Ondoka leo. Una ufundi sasa, Sumbawanga utakula, Kigoma utakula, popote utakula. Hapa wataniua. Unajua jeneza lenye mgomba watu wanalisemaje."

Kila mtu kwetu anajua. Mchawi akimtaka mtu hamuui, anamficha akamlimie mashamba yake usiku, na kwenye jeneza anaacha gogo la mgomba ambalo waombolezaji wote wanaliona ni maiti. Aliyefichwa ndiye msukule. Restituta alizisikia habari hizo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na bado, siku ya kutafuta kitu chenye uzito wa mtu, akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye mgomba. Angejaza mawe. Angejaza hata magunzi na mchanga, leo angeitwa mwongo tu, na mwongo hapigwi mawe. Lakini mtu huchukua kile alichokizoea.

"Nimemfuata mtoto wangu," Kasilda alisema. "Sina pa kumpeleka, kwa hiyo nitakaa naye hapa."

"Mtoto ana mama yake. Anampalilia kila Jumamosi."

*

Akakaa kwenye ile stoo. Akakiweka cherehani juu ya meza mbovu iliyoegemezwa tofali, akafumua mapazia makuukuu ya mama mkwe wake akaanza kushona foronya za mito. Mlio wake ulikwenda tangu asubuhi, tiki tiki tiki, ukatoka dirishani ukaruka ua wa mabua, na majirani wakaacha kazi zao wakausikiliza.

Walikuwa na sababu. Kasilda waliyemjua hakuweza kushona hata kifungo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyompeleka jela: waligombania foleni ya maji bombani na Gaudensia, jirani wa nyumba ya tatu, akampiga kwa ndoo ya bati, ukingo ukaingia jichoni. Jicho likatoka. Huyu aliyerudi hakusema kitu. Alipita akitazama chini, na akiitwa aliruka akasimama wima mikono pembeni. Alikula haraka, ameikumbatia sahani, kama kuna mtu nyuma yake.

Na mlango. Mlango wa stoo haukuwa na kufuli, hata kitasa chenyewe kilikuwa kamba, lakini ukijifunga kwa upepo Kasilda alisimama nyuma yake akasubiri. Emelyne aligundua siku ya pili. Alichungulia kwenye ufa akaona jicho limetulia upande wa pili, halisukumi, haliiti. Akaufungua. Kasilda akasema asante afande, akatoka kwenda chooni.

Saa kumi jioni, jua bado liko juu, watu bado wanachota maji, Kasilda aliacha kila kitu akachuchumaa kando ya ukuta, uso ukutani, akasubiri kuhesabiwa. Hakuna aliyemhesabu. Baada ya muda aliinuka mwenyewe kwa aibu.

"Bibi, yule wa stoo anachuchumaa tena," Emelyne alisema.

"Muache."

"Anamsubiri nani?"

"Nimesema muache!"

Mtoto hakuacha. Alimletea sahani ya ugali na juu yake chumvi imemwagwa kama unga. Mtaani walikuwa wamemwambia msukule hali chumvi, akionja tu anakumbuka kwao anaanza kulia. Kasilda aliitazama ile chumvi, akamtazama mtoto, akaelewa yote. Alikula mpaka akamaliza. Hakulia, ingawa alitaka sana. Emelyne akatimua mbio mpaka uani, akasikika akitoa taarifa: "Anakula! Kaimaliza yote!"

"Basi huyo ni msukule wa siku hizi," sauti ikajibu upande wa pili wa mabua.

Jioni, kabla ya kufunika cherehani, alipanga sindano zake mezani kwa mstari, mkasi pembeni, akahesabu kwa sauti. Kule darasani sindano moja ikipotea hakuna anayetoka, hata kama ni usiku, hata kama mmoja ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Hesabu ikitimia unasema imetimia. Siku ile ya tatu Emelyne alikuwa amesimama mlangoni.

"Sita na mkasi mmoja. Imetimia, afande," Kasilda alisema bila kujua anasema na nani.

Mtoto akanyoosha kiganja, akazipokea, akazihesabu moja moja na kumrudishia. "Sita," alisema. Halafu akaondoka. Kasilda alishinda na ile sita moyoni siku nzima iliyofuata, kwa sababu ndilo neno la kwanza aliloambiwa na mwanawe bila kutumwa tangu siku ile ya kaburini.

Simu alimpigia Melkior mara moja tu, kwa simu ya mama mkwe. Kule Inyonga kulisikika mtoto mchanga analia. "Kasilda, mimi nilishakuzika," Melkior alisema kwa upole kabisa, upole wa mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Usinichanganye." Akakata.

*

Gaudensia alikuja Ijumaa mchana, amejifunga khanga kiunoni, jicho moja limefunikwa na ngozi iliyojikunja. Hakubisha hodi. Alisimama dirishani akaitazama mikono inayozungusha cherehani.

"Nani kakufundisha?"

"Gerezani. Afande Salima."

"Futi yako iko wapi? Fundi gani hana futi ya kupimia?"

"Hatukuwa tunatumia. Ilikuwa moja, na ilifungiwa ofisini. Kuna mwenzetu aliwahi kujifunga nayo shingoni." Kasilda alisema bila kuinua uso. "Afande akatufundisha kupima kwa jicho. Unamtazama mtu, basi."

Halikuwa jibu la kumpa Gaudensia, jamani. Kupima kwa jicho! Kasilda akasikia alichokisema, akashika mdomo.

"Mimi nipime," Gaudensia alisema kwa sauti ya chini. "Si una macho mawili."

"Gaudensia, dada yangu..."

"Nipime!"

"Kifua arobaini na mbili. Kiuno thelathini na nane. Bega la kushoto limeshuka kidogo." Sauti ya Kasilda ilikuwa inakufa. "Kwa sababu unainamisha kichwa upande huo. Kwa sababu ya jicho."

Gaudensia akashika nondo za dirisha. "Unajua mimi nilifanya nini siku ya mazishi yako? Nilisimama pale mbele ya watu wote, nikasema nimemsamehe marehemu. Nilikuwa sijakusamehe. Nilikusamehe kwa sababu umekufa! Nilileta sukari na kuni, nikalala hapa siku tatu na baridi ya Juni. Sasa uko hapa unanipima kiuno. Kama wewe ni mtu, kuna mtu amenidanganya. Na kama si mtu, kuna mtu amekutengeneza. Kesho tunafukua."

Aligeuka akaondoka. Jikoni Restituta alikuwa amesikia kila neno. Chungu kilichemka kikamwagika kikazima moto, na yeye amesimama tu na mwiko.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi mwenyekiti wa mtaa, mzee Ubaldo, alifika akiwa na daftari na uso wa mtu aliyeumwa tumbo. Nyuma yake walikuja wanaume wanne na majembe, na nyuma yao mtaa mzima.

"Jamani, kufukua kaburi kunataka kibali," Ubaldo alisema. "Kuna utaratibu."

"Mwenye kaburi si huyo hapo?" mtu akadakia. "Aulizwe yeye kama anaruhusu!"

Watu wengine wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana walitazama msalaba wenye jina, wakamtazama mwenye jina amesimama kando yake. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona vitu hivyo viwili pamoja. Kasilda alimtazama mama mkwe wake. Restituta alikuwa ameketi kwenye kizingiti, ametulia, amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa ameoga. Alijiandaa yule mama.

Ni Emelyne aliyesogea mbele. Alikuwa na kijembe chake kidogo cha kupalilia. "Mimi nataka kujua," alisema. "Nimekuwa nampalilia nani?"

Basi wakachimba. Udongo ulikuwa mlaini, wakafika haraka. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, zikavunjika kama mkate mkavu. Mmoja aliyekuwa shimoni akainama, akashika kitu, akakitazama, akakiachia, akaruka nje ya shimo bila kusaidiwa na mtu. Zilikuwa nyuzi. Nyuzi nyeusi zilizolowa, zimelaliana tabaka kwa tabaka, urefu wa mtu. Hapakuwa na mfupa wala unywele.

"Mgomba," mtu alisema, polepole. Kisha wote wakasema.

Watu wakamkimbia Kasilda, duara likapanuka pande zote. Halafu, kwa namna inayotokea mara zote na hakuna anayejua huanzia wapi, vichwa vikageuka kuelekea kizingitini. Nani aliyelileta jeneza? Nani aliyekataza lisifunguliwe? Nani alimlaza msukule stoo yeye na mjukuu wake wakalala chumbani bila wasiwasi? Na yale macho. Macho ya Restituta yalikuwa mekundu, mekundu ya miaka hamsini ya kupuliza kuni mbichi, lakini mtaa mzima ni kama uliyaona siku ile.

"Mchawi huyo!"

Jiwe la kwanza liligonga mlango. La pili likampata begani. Restituta hakujikinga. Emelyne alipiga ukelele, "Bibi!" akakimbia akajitupa mapajani mwake, akamfunika kwa mikono miwili. Kasilda akaliona hilo. Aliona mwanawe amemkumbatia nani, na akaona mtu anainua jiwe la tatu.

"Niliomba mimi!" alipaza sauti.

Ilikuwa ile sauti yake ya zamani, ya bombani. Watu wakaitambua, mikono ikasita.

"Uliomba nini?" Gaudensia aliuliza.

"Kuzikwa. Chungulieni shimoni, upande wa kichwa. Kuna kitu." Hakuwa na hakika. Ila alikumbuka lile jibu la haraka, halikufika, na alimjua mama mkwe wake: si mtu wa kuchoma nguo ya mtoto. Kijana mmoja akashuka akapekua kwa ncha ya jembe, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na gauni la bluu, kola nyeupe, kavu kabisa.

"Nililishona mimi gerezani," Kasilda alisema. "Fungua kwa ndani, kwenye mkanda. Kuna namba yangu ya mfungwa, kila tulichoshona tulitia namba. Msukule hapewi namba. Nilimpa mwenzangu alilete, na neno nikamtuma: mwambieni mtoto nimekufa, waambieni na majirani. Sikutaka aitwe mtoto wa mfungwa. Mama alikataa. Nikatuma neno mara ya pili. Ndipo akanizika kama nilivyotaka, na gauni langu akaniwekea. Yeye hana uchawi. Ana mkwe mpumbavu, basi."

Gaudensia akaligeuza lile gauni, akalisogeza karibu na jicho lake moja. Namba ilikuwepo, imeshonwa kwa uzi mweupe.

"Ni mtu," alisema hatimaye, na alilisema kwa uchungu. "Ni yeye. Mshenzi huyuhuyu."

Ndipo mtaa ukageuza hasira yake, na hasira hii ilikuwa nyepesi, ya kawaida, ya watu waliotapeliwa. Mmoja alitaka sukari yake. Mwingine alikumbuka kuku. Mwanamke mmoja alilia kwamba aliacha mgonjwa nyumbani akaja kuimba mapambio kwa ajili ya mgomba. Mzee Ubaldo akaandika kitu kwenye daftari, akakifuta. Gaudensia alimsogelea Kasilda mpaka pua zikakaribiana.

"Msamaha wangu nirudishie," alisema.

"Uchukue."

"Nimeuchukua. Jumatatu naleta kitenge. Utanishonea, na cha pili, na cha tatu, mpaka nichoke mimi. Na mdomo wako usiseme hela."

"Sawa."

Kasilda hakuwa anamtazama. Alikuwa anamtazama Emelyne, ambaye alikuwa ameinua kichwa kutoka mapajani mwa bibi yake. Mtoto alikuwa amesikia yote, neno kwa neno. Uso wake ulikuwa wa mtu mzima aliyeambiwa jambo na daktari.

*

Gaudensia alitimiza. Alileta kitenge cha kijani, akashonewa, akakivaa kwenda kanisani Jumapili, na bega lake la kushoto lilikaa sawasawa na la kulia kwa mara ya kwanza tangu ile ndoo. Hakusema asante. Wiki iliyofuata alileta kingine, na nyuma yake wanawake wawili wakafika wamekunja nguo zao kwapani, wakijifanya wamepita tu. Hao walilipa.

Emelyne hakusema neno. Siyo sita, siyo chochote. Alikula kwa bibi, alilala kwa bibi, na Jumamosi ilipofika alishika kijembe chake kwa mazoea akaenda mpaka nyuma, akakuta shimo. Hakuna aliyelifukia. Kila mtu alisema si lake. Alikaa ukingoni akining'iniza miguu na Kasilda akamtazama kwa mbali, hakuthubutu kumwita. Angemwita kama nani?

Siku ya kumi na moja aliingia stoo na lile gauni la bluu mkononi. Lilikuwa bado linanuka udongo. "Ni fupi," alisema.

Kasilda akalipokea. Akaligeuza chini, akachukua wembe, akakata uzi. Pindo likashuka, kitambaa kikatokea chenye bluu iliyokolea zaidi. Akakata tena, pindo la pili likashuka. Akakata tena.

"Mbona matatu?" mtoto aliuliza.

"Nililikata kwa kipimo cha siku niliyokuacha. Mtoto unayemwona kichwani hakui, ndivyo alivyotuambia afande, kwa hiyo ongezeni. Kwa kila mwaka wa kifungo nikaweka pindo moja. Na hapa ubavuni nimeacha nafasi, unaona?"

Emelyne alipitisha kidole kwenye mistari ya mikunjo, mmoja, wa pili, wa tatu. Alihesabu kama alivyohesabu sindano.

"Sasa kama ulituma waseme umekufa," alisema polepole, "hizi nafasi ulikuwa unamwachia nani azifungue?"

Nje, chini ya dirisha, Restituta alikuwa anachambua maharage. Sauti ya maharage kwenye ungo ikakoma.

"Ulikuwa unarudi," Emelyne alisema.

"Nilikuwa narudi."

"Bibi alikuwa anajua?"

Hapo ndipo Kasilda angeweza kupata kila kitu. Neno moja tu, tena la kweli, na mtoto angekuwa wake. Kupitia dirishani aliona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe wake, kimeinama, na shingo nyembamba chini yake, na jeraha begani ambalo Emelyne mwenyewe alikuwa akilikanda kwa maji ya moto kila jioni.

"Bibi hakujua," alisema.

Maharage hayakuanza tena. Restituta alikuwa amekaa palepale, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Mpaka leo hakijatoka, na wanaomjua wanasema hakitatoka.

Emelyne alivaa gauni juu ya nguo zake. Lilimfika chini ya magoti, kama linavyotakiwa. Alijigeuza mara moja, akajinusa mkono, akakunja uso kwa ile harufu ya udongo. Kisha akamtazama Kasilda machoni.

"Siku nyingine ukitaka kufa," alisema, "uniambie mimi kwanza."

"Nitakuambia."

"Haya, mama."

Akatoka kwenda kucheza. Alifika nusu ya uwanja akasimama, akarudi mbio. Alitafuta tofali, akalikokota mpaka kwenye stoo, akaliegemeza kwenye mlango ili usijifunge.